Udongo Wetu Si wa Aibu

Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini yake, na ndani yake akawakemea wananchi kwa jambo ambalo wengi walilidhania dogo, yaani tamaa ya saruji na mabati. Saruji, alieleza, asili yake ni udongo; lakini kwa kuwa tuliuona kuwa ni udongo wa Ulaya, tulikuwa radhi kukaa vibandani tukiungojea, na huku twadharau tofali la kuchoma na kigae.

Maneno yale yawahusu bado wana Meru. Mtu apandaye leo kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi kwenda Nkoaranga hukanyaga udongo mwema njia nzima. Lakini kijana anayeanza maisha huko huhesabu nyumba yake kwa mifuko ya saruji, nayo hata ile ya Tanga husafiri zaidi ya kilomita 400 kabla ya kumfikia. Mshahara wa kibarua haukimbizani na malori.

Hata hivyo, shauri la Mwalimu sasa lahitaji kuongezwa neno. Tofali la kuchoma hula msitu. Tanuri huwashwa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na kuni zake hutoka katika miti ya mashamba, au, tuseme kweli, katika msitu wa hifadhi usiku. Msitu wa Mlima Meru ndio utunzao vijito vinavyonywesha migomba na kahawa. Maji yake huteremka hadi Mto Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme kule Hale. Basi mfanyakazi wa kiwanda aliye mbali sana na Nkoaranga naye ana haki ya kuuliza ni nani akataye miti ile.

Wala saruji si malaika. Chokaa na udongo wake huokwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na kazi za wanadamu.

Njia ya tatu ipo, na si ngeni. Miaka ya 1950, huko Bogotá, nchini Kolombia, ilibuniwa mashine ya mkono ya kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo ukawa tofali gumu lisilohitaji moto. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kwa miaka mingi umefundisha tofali la namna hiyo lenye kufungamana na mwenzake, hata ukuta ukasimama karibu bila udongo wa kujengea. Saruji huwa sehemu moja kwa sehemu kumi au zaidi za udongo, kwa kadiri udongo wenyewe ulivyo.

Hapo ndipo penye kazi. Udongo wa Meru umetokana na volkano, na si kila shimo litoalo udongo ufaao. Yafaa kwanza upimwe: utiwe katika chupa ya maji, utikiswe, uachwe utulie, mchanga hutangulia chini, mfinyanzi hukaa juu, na fundi huona kipimo chake. Tena udongo mweusi wa juu usiguswe kabisa. Huo ni mali ya mgomba na mbuni, na Wameru, waliohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, hata Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai haki yao, hawahitaji kufundishwa thamani ya ardhi. Achimbaye achimbe chini ya udongo huo, kisha afukie.

Tofali likitoka mashinini lataka kivuli na kunyunyiziwa maji kwa wiki moja au mbili. Wanaoharakisha ndio ambao kuta zao humomonyoka, kisha wakasema udongo haufai. Nyumba nayo iwe na msingi wa mawe ya mlima na upenu mpana, maana mvua za Meru hazina huruma. Bati halina ubaya. Hatusemi mtu aling'oe.

Twaona kwamba kikwazo kikubwa ni aibu. Diwani anayehubiri udongo huku akijijengea zege hatasikilizwa, wala hastahili. Kwa hiyo darasa lijalo, ofisi ya kijiji ijayo, na hata ofisi ya tawi la Chama, vijengwe kwa tofali hilo, watu walione na waliguse. Mashine moja yaweza kununuliwa na kikundi cha vijana kwa mkopo wa halmashauri, ikazunguka vitongoji vyote. Viongozi wa matawi ya Meru wakutane na wataalamu wa Wakala mapema, udongo upimwe, na ufyatuaji uanze wakati wa kiangazi, kabla masika hayajafunga njia za mlimani.