Sumaku Chini ya Sufuria

Shangazi yangu wa Kintinku ana mtungi wa gesi wa kilo 6 alioufunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio. Jiko lake ni zima. Gesi iliisha, na siku ilipoisha hakuwa na shilingi 24,000 za kutoa kwa mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo, gesi haina kopo. Akarudi kwenye jiko la mkaa pale mlangoni, na mtungi ukawa pambo la sebuleni.

Mitungi ya namna hiyo ni mingi, na inanisumbua. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Tangu hapo kampeni imekuwa na sura moja: mtungi. Kwenye mikutano hugawiwa mitungi, kwenye picha hushikwa mitungi. Wakati huohuo nguzo za umeme zimefika karibu kila kijiji nchini, na Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limekamilika. Kintinku, mji mdogo wa wilaya ya Manyoni kwenye reli ya kati, nyaya zinapita juu ya bati la shangazi. Anazitumia kwa taa, televisheni na kuchaji simu. Kupikia, hajawahi kufikiria.

Nadhani tunapaswa kumfanya afikirie. Nikipima gesi na umeme kwa jiko la nyumba kama yake, naona umeme unashinda, isipokuwa kwenye chungu kimoja nitakachokitaja baadaye.

Jiko la induksheni ni lile bapa la kioo lisilo na moto wala koili inayowaka nyekundu. Chini ya kioo kuna waya uliosokotwa unaozalisha nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huipasha sufuria yenyewe moja kwa moja. Huko Marekani ubishi wa gesi na induksheni umefika hadi bungeni; mwaka 2023 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuzuia gesi kwenye majengo mapya. Wao wanahofia tabianchi na hewa chafu inayotoka kwenye moto wa gesi ndani ya nyumba. Kwa mtu anayetoka kwenye moshi wa kuni, gesi tayari ni ahueni kubwa ya mapafu, na sitaki kumtisha mtu arudi kwenye mafiga. Kintinku ubishi uko kwenye pochi.

Tupige hesabu. Kilo 6 za gesi zina nishati inayokaribia uniti 77 za umeme. Kwenye jiko linalokaa juu ya mtungi, karibu nusu ya joto hupita pembeni mwa sufuria na kupotelea hewani. Induksheni hupoteza kama asilimia 15 tu. Kwa hiyo mapishi yanayomaliza mtungi mmoja yanahitaji uniti 45 hivi. Mteja wa daraja la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, hulipa shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 ukijumlisha VAT na tozo za umeme vijijini (REA) na za mdhibiti (EWURA). Uniti 45 ni kama shilingi 5,500. Mtungi ni 24,000. Na umeme, tofauti na gesi, una kopo: LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu moja inanunuliwa kwenye simu usiku wa manane.

Lakini D1 ina ukuta. Ukivuka uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, na anayezoea kuvuka huhamishiwa daraja la T1, ambako uniti zote ni 292 kabla ya kodi. Familia ya watu sita inayomaliza mitungi miwili kwa mwezi ingehitaji uniti 90 za kupikia. Ongeza 30 za taa na televisheni, unapata 120. Kwa bei ya T1 hiyo ni shilingi 42,700. Mitungi miwili pamoja na umeme wa taa ni zaidi ya 51,000. Hata baada ya kuadhibiwa, umeme bado ni nafuu. Ila nani atakaa chini apige hesabu hiyo? Watu wanajua jambo moja tu, kwamba ukitumia sana utatolewa kwenye bei ya chini, na hofu hiyo inatosha kumfanya mama azime jiko la umeme na kuwasha mkaa.

Ekuador wana somo kwa hili. Walijenga mtambo wa umeme wa maji wa Coca Codo Sinclair, megawati 1,500, na kuanzia 2014 serikali ikahimiza kaya milioni 3 zihamie induksheni, kila moja ikipewa uniti 80 za bure za kupikia kwa mwezi. Lengo halikufikiwa hata kwa nusu. Ruzuku ya gesi haikuondolewa, mtungi ukabaki kuuzwa kwa bei ya kutupa, na watu hawakuona sababu ya kuhama. Mwaka 2024 ukame ukakausha mito na umeme ukawa wa mgawo. Nasi tulikuwa na mgawo wetu mwanzoni mwa mwaka huohuo, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijashika kasi. Anayesema umeme wa maji hauna hatari anadanganya, na kwa sababu hiyo nisingemshauri mtu auze mtungi wake.

Gesi nayo si yetu kama wengi wanavyodhani. Ile ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani, inakwenda kwa bomba kwenye mitambo na viwanda. Ya kwenye mtungi inakuja kwa meli, inanunuliwa kwa dola.

Sasa chungu. Induksheni hutaka sufuria inayoshika sumaku, kwa hiyo nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaenda nayo jikoni kwa shangazi. Nikaibandika chini ya sufuria ya kwanza, ikadondoka. Ya pili, ikadondoka. Sufuria tisa, zote za aluminiamu, na induksheni ya kawaida haiioni aluminiamu. Iliyoshika sumaku ni kikaango cha chuma tu. "Sasa mwanangu," akasema, "zote hizi nizitupe?" Halafu akanionyesha anavyosonga ugali wa uwele: miguu imebana sufuria, mwiko unakwenda kwa mabega yote mawili. Kwenye kioo sufuria ingeteleza, na kila ikinyanyuka jiko lingekata.  Ugali wa uwele na uachwe kwenye gesi, mlenda uchemkie hapohapo.

Kinachokula nishati nyingi nyumbani kwake, hata hivyo, ni maharage, kunde na makande, vitu vya saa mbili tatu motoni. Hapo presha kuka ya umeme ni bora kuliko induksheni yenyewe: inakuja na sufuria yake, inavuta nusu ya umeme wa induksheni, na nyaya za nyumba za kijijini zinaimudu. Ruzuku inayowekwa kwenye mitungi ingehamia huko nusu yake, na ule ukuta wa uniti 75 ungesogezwa hadi 120 kwa kaya inayopikia umeme, mtungi wa shangazi ungemtosha miezi kwa kuwa ungebaki na kazi ya ugali tu.

Nilimweleza kwamba sufuria ya maharage kwenye presha kuka inakula kama nusu uniti. LUKU ya elfu mbili, kwa bei yake ya sasa, ni uniti 16. Alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akautazama mfuko wa mkaa uliokuwa umebaki robo.

"Hicho chombo wanauza wapi?"

Nikamwambia Dodoma. Akauliza nauli.