Soda na Cheti



Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Leo nashika kalamu kuwatetea wachekeshaji wa jukwaani, hasa wale wachanga ambao majina yao hayajavuma. Nafanya hivyo kwa sababu chama chetu wenyewe kilimnyima mmoja wao haki yake, na aliyemleta ni mimi.

Mwezi wa Julai tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021 na ambayo huangukia tarehe 7 ya mwezi huo. Kamati ilitenga pesa za hema, za spika na za chakula cha wageni. Tulipofika kwa mchekeshaji, mmoja wetu akasema, "Huyo si tutampatia tu soda na cheti? Kwani si ni kuongea tu!" Sote tukacheka, hata mimi. Kisha nikaenda kumwomba kaka mmoja jirani yetu hapa Umoja, ambaye hufanya kazi hiyo. Hakuuliza malipo. Alikuja, akawavunja mbavu walimu na wanafunzi kwa dakika 20, akapewa soda baridi na cheti chenye muhuri. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alikitazama kile cheti akaniambia, "Sawa dogo, hii nitampelekea mwenye nyumba." Alikuwa akitania, lakini mimi sikucheka.

Watu wengi hudhani mchekeshaji hupanda jukwaani akasema lolote linalomjia kichwani. Sisi tunaokaa naye ploti moja tunajua sivyo. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Usiku nikifanya hesabu humsikia akirudia mzaha mmoja kuhusu kondakta wa matatu za 35/60, akibadilisha neno moja, akinyamaza kidogo, akianza upya. Mzaha wa dakika tano huweza kumchukua wiki tatu. Akiumaliza huupeleka mjini, kwenye mikahawa ambako wachanga hupewa nafasi ya kujaribu bila kulipwa. Watu wasipocheka, anarudi kuanza moja. Nauli ni yake, na saa sita za usiku hupita Mutindwa peke yake, vibanda vikiwa vimefungwa.

Hata kazi zenye malipo zina vituko vyake. Mwaka jana aliitwa kwenye harusi moja. Wakampandisha jukwaani wakati watu wanapanga foleni ya pilau, na maikrofoni inakatakata. Hata hivyo aliwachekesha. Baadaye aliyemwita akamwambia, "Tutakutumia kwa simu kesho." Hiyo kesho haijafika. Nilipomuuliza mbona hakudai pale pale, alinijibu, "Walinipigia makofi mpaka nikaona haya kuitisha nauli."

Tena kuna jambo ambalo sikulijua mpaka yeye aliponieleza. Mwimbaji akiimba wimbo wake wa zamani, watu husimama wakaimba naye. Mchekeshaji akirudia mzaha ambao watu wameusikia, ukumbi hunyamaza kimya. Mzaha ukishaonyeshwa kwenye televisheni au ukizunguka kwenye simu, hauuziki tena. Kwa hivyo mtu akikuchekesha bure, ujue amekupa mali ambayo pengine hataweza kumuuzia mwingine.

Wako watakaonipinga waseme, mbona wengine wamefaulu? Ni kweli. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walitokea Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakavuma nchi nzima na kundi lao la Redykyulass, na mwaka wa 2017 Kiarie akachaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alijaza kumbi na akawafungulia wengi njia kwa kipindi chake. Lakini tukitazama waliofika kileleni tu, tunasahau wale ambao bado wako njiani. Mwezi wa Machi 2020, korona ilipoingia nchini na mikutano ikapigwa marufuku, kumbi zilifungwa. Mchekeshaji asiye na mshahara, na ambaye hakuwa ameweka akiba kwa kuwa alilipwa kwa makofi, angekula nini?

Wengine husema wachekeshaji hudhihaki makabila ya watu. Wa aina hiyo tusiwaalike kabisa. Lakini kumwalika mtu, kumcheka mpaka machozi, halafu kumwambia kazi yake si kazi, huo ni uonevu. Fundi wa spika alikaa chini ya mti siku ile akibonyeza vitufe, na hakuna aliyethubutu kumwambia achukue cheti.

Najua chama hakina pesa nyingi. Lakini tuko wanachama 60. Kila mmoja akitoa shilingi 50 tutapata 3,000. Si mali, lakini ni haki. Napendekeza mambo manne kwa kamati ya mwaka ujao na kwa mlezi wa chama. Kwanza, tukubaliane bei na mchekeshaji kabla ya siku yenyewe. Pili, alipwe kabla hajatoka langoni. Tatu, apande jukwaani kabla ya chakula, si watu wakitafuna. Nne, cheti apewe pia, kiwe nyongeza.

Na mimi mwenyewe nina deni. Nilienda kumwomba msamaha yule kaka, akacheka akaniambia niachane na hayo. Lakini tangu Julai ana mzaha mpya. Unahusu shule fulani, soda na cheti. Nimeusikia kupitia ukutani mara nyingi, na kusema kweli ni mzuri. Mwaka ujao tumlipe, ili atafute mwingine.