Nani Alikutia Neno Hilo Mdomoni?

Februari 2021 mjomba wangu alifariki Dar es Salaam, baada ya siku nne za kuhangaika na pumzi. Jioni ile nilipewa kalamu na daftari niandike tangazo la msiba la kupeleka redioni. Nilipofika kwenye sababu ya kifo nikasita. Baba mkubwa akanitazama, akasema taratibu: "Andika changamoto ya upumuaji, mwanangu. Tusijitafutie matatizo."

Nikaandika.

Hapakuwa na askari mlangoni. Hakuna barua ya wizara iliyofika pale chini ya turubai. Hakuna aliyetutisha. Na bado tuliandika vilevile walivyotaka tuandike. Sasa niambie wewe unayesoma hapa: kwenu mliandika nini?

Usinikwepe. Mliandika neno lilelile.

Nani alikutia neno hilo mdomoni? Mama yako hakukulea kwa kusema "changamoto ya upumuaji". Watu wetu wana pumu, wana kifua, wana nimonia, wana TB. Neno hili lilikuja na magazeti, likaja na redio, likaja na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, likarudiwa kila siku mpaka likageuka lugha yako. Ukalibeba mwenyewe mpaka kaburini kwa mtu wako.

Kumbuka lilivyofika. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania Bara ilitangaza wagonjwa wapya wa korona kwa mara ya mwisho. Zanzibar ikaongeza wa kwake mapema Mei. Jumla ikafika 509, waliofariki 21, basi. Hesabu ikasimama pale kwa zaidi ya mwaka mmoja. Watu wanazikwa, hesabu 509. Wodi zinajaa, hesabu 509. Mei hiyohiyo tukaambiwa vipimo vya maabara vimelikuta papai na mbuzi na korona, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Tukacheka. Nakumbuka kabisa, tulicheka. Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha, Mungu amejibu maombi.

Na wale ambao kazi yao ni kuuliza? Aprili ile leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilifungiwa miezi 6 na faini ya shilingi milioni 5 juu yake, kwa picha ya Rais Magufuli akinunua samaki katikati ya watu. Julai, Kwanza Online TV ikafungiwa miezi 11 kwa kuweka tahadhari ya korona iliyotolewa na Ubalozi wa Marekani. Huhitaji kuvifunga vyombo vyote. Chinja kuku mmoja mbele ya banda, wengine watanyamaza wenyewe.

Wakanyamaza. Kisha wakafanya baya kuliko kunyamaza: wakaanza kutafuta maneno laini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa mara ngapi? Daktari alimvuta shangazi, mke wa mjomba, pembeni, akamwambia ukweli kwa kunong'ona kama mwizi, kisha kwenye karatasi akaandika nimonia. Shangazi alikuwa amekesha siku nne akimwinua mumewe kichwa, akimfuta jasho, akimnywesha uji, uso kwa uso, bila barakoa. Angevaa ya nini? Redio ilikuwa imesema ugonjwa hakuna. Siku ya tisa baada ya maziko tulimpigia yule yule mwenye turubai. Akatuuliza kama tumesahau kurudisha viti.

Halafu mwezi uliofuata ukaja ule ukimya mkubwa. Rais hakuonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu akasema Rais ni mzima na anachapa kazi. Polisi wakawakamata watu kwa kusema anaumwa. Tarehe 17 Machi tukatangaziwa kifo chake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nasi tulikuwa tumefundishwa kulipeleka polisi lisemwalo!

Utaniambia hayo yamepita, tuna Rais mwingine, chanjo ilikuja, magazeti yaliyofungiwa yakarudishiwa leseni mwaka 2022. Ni kweli, na nilifurahi kama wewe. Lakini fungua gazeti la karibuni. Mtu anachukuliwa nyumbani kwake mchana kweupe na wanaume wenye gari. Kichwa cha habari kinasemaje? Amechukuliwa na "watu wasiojulikana". Wana gari, wana pingu, wana silaha, wana muda wa kutosha, majirani wamewaona sura, na bado hawajulikani. Nani alikutia na hilo mdomoni? Oktoba 2024 Mwananchi Communications wakafungiwa tena leseni za mtandaoni kwa siku 30, kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa habari za waliopotea na waliouawa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima.

Unaona mwendo wake? Januari 2016 watawala walianza kwa kutunyima Bunge mubashara kwenye TBC, televisheni ya taifa, wakasema ni gharama. Tukalalamika wiki mbili, tukazoea. Tulipozoea hilo, wakaleta jingine.

Si marufuku peke yake. Mhariri anajua nani analipa tangazo la ukurasa mzima la wizara, la halmashauri, la shirika la umma. Gazeti linalouza nakala chache litamkasirisha vipi mteja wake mkubwa? Mwandishi naye anatoka kwenye mkutano na waziri na bahasha ya "nauli" mfukoni, mshahara hajalipwa miezi mitatu. Mkono mtupu haulambwi. Simtetei, lakini namjua, na najua kodi ya chumba chake.

Ila leo nina ugomvi na wewe.

Wewe unayesimama kwenye meza ya magazeti kila asubuhi, unasoma vichwa vya habari bure, unatikisa kichwa, unapanda daladala. Wewe unayesikiliza uchambuzi wa magazeti redioni, mtangazaji anasoma magazeti sita yenye habari moja na picha moja ya mtu mmoja akikata utepe, nawe huulizi kwa nini mawazo ya wahariri sita yamefanana hivyo. Hununui gazeti linalothubutu. Likifungiwa, husikiki. Kisha unashangaa kwamba hujui kinachoendelea mtaa wa pili! Umelala, ndugu yangu, na aliyekubembeleza anajua wimbo unaoupenda.

Basi anza na mdomo wako, maana huo hauhitaji leseni. Aliyetekwa, sema ametekwa. Aliyepigwa risasi, sema amepigwa risasi. Ukipewa neno jipya laini, liulize linaficha maiti ya nani kabla hujalipeleka kwenye kundi la familia.

Daftari lile ninalo bado. Juzi nilifungua ukurasa ule, nikakata mstari ule kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: mjomba alikufa kwa korona, na shangazi pia.