Tuuze vya Kale, Tusiuze Uongo

Wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi, msomaji mpenzi, kibaya husuguliwa, kikapakwa rangi, kikavishwa pembe ya shaba, nacho kikajiuza kumshinda mzuri. Nayanena haya kwa yaliyonifika katika kuuza gramafoni ya shangazi yangu, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo wazee wetu waliita kinanda cha santuri.

Kinanda hicho aliachiwa na marehemu mumewe, nacho kilikaa darini miaka mingi, kimefunikwa kanga. Paa la nyumba lilipoanza kuvuja, shangazi aliniita akasema, "Mwanangu, hiki hakinisitiri na mvua. Kitengeneze, ukiuze."

Nilikipeleka kwa fundi wa saa, mzee mwenye subira. Alipokifungua aliona kamani ni nzima, ila grisi imeganda kama ulimbo. Aliisafisha kwa hadhari, kwani kamani ile ikifyatuka hukata vidole. Mipira ya kisanduku cha sauti ilikuwa imekauka kama mawe. Akatia mipya, na ule utando wa ulanga akauacha wa asili. Kasha hakulikwangua wala kulipaka vanishi mpya, bali alilifuta vumbi tu, kwa maana anayekwangua mbao za zamani hukwangua na thamani yake. Akatia na sindano mpya, kwani sindano ya chuma hubadilishwa kila upande wa santuri, la sivyo huichimba na kuiharibu.

Ila pembe yake ilikwisha potea zamani. Ikabidi tununue pembe mpya ya shaba iliyotoka Bara Hindi. Tukazungusha mkono, tukaweka santuri ya taarabu ya mizunguko 78 kwa dakika, mfano wa zile alizorekodi Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928. Sauti ikatoka. Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Hapo ndipo alipoingia bwana mmoja mwenye duka la vitu vya kale. Alinishauri pembe ile niitie dawa ipoteze mng'aro, nibandike picha ya yule mbwa mbele ya kasha, kisha niseme kila kitu ni cha asili. "Watu hununua kwa macho," akaniambia, "na bei itapanda."

Ushauri huo si wake peke yake. Huko Bara Hindi wapo waundao gramafoni nzima za pembe kwa vipande vya mashine kuukuu za mkoba, na nyingi huuzwa duniani kwa jina la vya kale. Mnunuzi hurudi kwao akifurahia shaba inayong'aa, asijue kuwa amenunua pambo la mwaka juzi.

Na sheria haitusaidii sana. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hulinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946. Gramafoni za pembe, ambazo aghalabu zilitufikia baada ya 1895, hazimo. Basi kinachozilinda ni ulimi wa muuzaji.

Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu alitusimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini kumelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu ule. Sikudhani kisa hicho kingenijia tena mbele ya pembe ya shaba. Nilimweleza shangazi ushauri wa yule bwana. Akanyamaza kitambo, akitazama dari iliyolowa, kisha akasema, "Mwambie mnunuzi pembe si yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Nikamwambia. Mnunuzi akapunguza thuluthi nzima ya bei. Bati tulizonunua zimeezeka vyumba viwili. Cha tatu kingali kinangoja.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wenye vitu hivi majumbani. Dhiki ikikuelemea, uza, wala si aibu. Lakini umwandikie mnunuzi kwenye karatasi kipi ni cha asili na kipi kimetiwa jana. Na kabla kinanda hakijatoka mlangoni, zirekodi santuri zake hata kwa simu ya mkononi, ili wajukuu wasikie walichokuwa wakisikiliza mababu zao. Sisi tulifanya hivyo. Mvua inyeshapo, shangazi huhamia chumba chenye bati mpya, akaomba afunguliwe sauti ile, akasikiliza bila ya haya.

Wabillahi taufiki.