Nimerudi kwetu Tabora, naitwa mgeni

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku ambalo najua si langu peke yangu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Uyui mkoani Tabora. Nilifanya kazi katika hospitali za Uingereza kwa miaka 26. Huko nilichukua uraia wa nchi hiyo, kwa sababu mama alipokuwa akiugua nilishindwa kuja kumwona, nikihofu nikitoka sitaruhusiwa kurudi kazini. Mwaka juzi nilifunga virago nikarudi kumlea. Sasa macho yake yamefifia, ananitambua kwa sauti.

Mama alinipokea kwa matobolwa ya viazi na maziwa ya mgando. Majirani walikuja na salamu zao za "mwangaluka" kana kwamba niliondoka jana. Wote walinipokea, isipokuwa sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unakoma. Kwa hiyo ndani ya nyumba ya mama yangu naishi kwa kibali cha ukaazi. Nilipokwenda kuuliza utaratibu katika ofisi moja ya umma, kijana aliyenihudumia aliniamkia "Shikamoo mama," kisha akaniambia wageni wana dirisha lao. Hakunikosea adabu. Alisema kilichoandikwa, na hicho ndicho kilichoniuma.

Kubwa zaidi ni ardhi. Mama anataka kutugawia shamba watoto wake watatu angali hai, ili tusije tukagombana. Lakini hati ya haki miliki ya kimila haitolewi kwa asiye raia. Fungu langu, lenye mwembe alioupanda marehemu baba mwaka niliozaliwa, imebidi liandikwe kwa jina la mtoto wa kaka yangu. Ni kijana mwema, lakini nikifa kesho wanangu hawana pa kushika. Nikataka kujitolea katika zahanati ya kijiji kuwafundisha wauguzi vijana, nako nikaambiwa nitafute kwanza kibali cha kazi.

Ndugu Mhariri, sisi Wanyamwezi kusafiri ni asili yetu. Babu zetu wapagazi walivuna, wakajitwika mizigo, wakashuka hadi Bagamoyo wakati wa kiangazi, na wengi wao walihesabu siku ili wawe wamerudi kabla ya mvua za kupanda. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wajukuu zao waliipanda kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Aliyerudi alirudi na nguo, majembe na habari za mbali, na shamba lake alilikuta linamngoja. Hakuna mzee wa utemi wa Unyanyembe aliyemwambia mpagazi kwamba kwa kuwa amekula chumvi ya pwani, kwao si kwao tena.

Na nchi hii ina moyo mkubwa. Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, wakiwamo majirani zetu wa Ulyankulu, humuhumu mkoani Tabora. Nililisikia jambo hilo nikiwa ughaibuni na nikajivunia nilikozaliwa. Ninachouliza ni kimoja: nchi iliyoweza kumwambia mtoto wa mwenzake "kuanzia leo wewe ni wetu," inashindwaje kumwambia mwanawe "wewe bado ni wetu"?

Wapo wanaopinga uraia pacha wakisema huwezi kutumikia mabwana wawili. Hofu hiyo naiheshimu, lakini ina dawa. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya mwaka 2010, na katiba hiyohiyo inawazuia maofisa wa ngazi za juu wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili. Uganda na Rwanda nazo zinauruhusu. Tuzuieni urais, ubunge, jeshi na usalama. Sisi wastaafu hatuviombi. Tunaomba kuzeeka kwetu.

Najua pia kuhusu hadhi maalum. Mwaka 2024 Serikali ilipeleka bungeni mapendekezo ya kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi hiyo Watanzania waliochukua uraia wa nje. Nashukuru, ni hatua. Lakini hadhi ni kitu mtu anachopewa, na anayekupa anaweza kukunyang'anya. Kuzaliwa Uyui sikupewa na ofisi yoyote.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wa mkoa wa Tabora wausimamie uraia pacha kwa Watanzania wa kuzaliwa. Wakati tunaungoja, huduma zote zinazotuhusu zipatikane hapahapa mkoani, na watumishi wa ardhi wa wilaya na watendaji wa vijiji waelekezwe namna ya kutushughulikia, maana sasa kila mlango una jibu lake.

Mama yangu ameniomba jambo moja: siku yangu ikifika, nizikwe kando yake chini ya ule mwembe. Nimemkubalia. Nawaomba watunga sheria waniwezeshe kutimiza ahadi hiyo katika ardhi yenye jina langu.

Muuguzi mstaafu,
Uyui, Tabora.