Gari likigonga, usiongeze sauti ya redio

Leo tuuache mpira upumzike kidogo. Siku ya dabi ya Kariakoo, ukisimama nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa utaziona Subaru zimejipanga, zimeshushwa mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Vijana wanazipenda, na mimi nazipenda. Tatizo langu ni moja tu. Zikipanda tuta, nyingine zinagonga chini kama mtu anayebisha hodi, na mwenye gari anachofanya ni kuongeza sauti ya redio.

Wapo wanaoota kuziingiza kwenye njia za mbio, na wapo wanaoziendesha barabarani kana kwamba tayari wako huko. Hao ndio nataka kuongea nao. Kelele ya chini ya gari ni taarifa. Ni sawa na straika anayeshika nyama za paja dakika ya 20. Kocha mwenye akili hamwambii akaze. Anamtoa.

Mtaani kuna imani kwamba gari gumu ndilo gari la kasi. Kijana ananunua springi fupi na shokapu za kurekebishwa, anazikaza mpaka mwisho, anatamba. Lakini kazi ya shokapu si kulifanya gari liwe gumu kama meza. Kazi yake ni kulibakiza tairi chini. Tairi likiruka, hata kwa sekunde moja tu, hapo huna breki wala kona.

Ujerumani kuna Nürburgring, ile njia ya kaskazini yenye karibu kilomita 21. Kuna siku mtu yeyote anaruhusiwa kulipa na kuingia na gari lake mwenyewe. Ina miinuko, mabonde na ile kona ya zege inayoitwa Karussell. Ukienda pale na gari lililokazwa kwa ajili ya lami laini, litakurusharusha mpaka uikumbuke nyumbani. Pale gari linatakiwa lipumue.

Unadhani haya ni matatizo ya mtaani? Ikumbuke Mercedes ya 2022. Walikuwa wamebeba ubingwa wa timu wa Formula 1 mara nane mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2021. Zikaja kanuni mpya, magari yakawa yanapata mkandamizo mkubwa kutoka kwenye hewa inayopita chini ya sakafu. Ili upate faida hiyo, gari liwe chini na liwe gumu. Kilichotokea, hewa ililivuta gari chini, ikaliachia, ikalivuta tena. Kwenye mistari mirefu lilikuwa linadunda kama mpira.

Juni mwaka huo, kule Baku, Lewis Hamilton alimaliza wa nne, lakini alitoka kwenye gari ameshika mgongo. FIA ikaingilia kati, ikaleta kipimo cha mdundo ambacho gari haliruhusiwi kukivuka. Msimu mzima Mercedes wakapata ushindi mmoja, wa George Russell kule Brazil mwezi Novemba. Red Bull, ambao gari lao halikusumbuliwa sana na mdundo, wakachukua ubingwa. Ile ni timu yenye wahandisi na kompyuta za kila aina. Wewe una fundi mmoja na jeki.

Sasa kelele zenyewe. Si kila kelele ni msiba. Bushi ngumu za plastiki zikilia kama kitanda kibovu, mara nyingi zinaomba grisi. Baadhi ya Subaru STI zina shokapu za mbele zilizogeuzwa juu chini, na grisi ya ndani ikikauka zinagonga kwenye matuta madogo. Dawa inaweza kuwa kufungua, kusafisha na kupaka grisi. Ukikimbilia kununua shokapu mpya, umetupa hela.

Mgongo mwepesi kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki za stebilaiza. Ukikata usukani mpaka mwisho ukasikia ta-ta-ta, angalia jointi ya ekseli. Mvumo unaopanda na kasi, halafu unazidi ukipinda kushoto, mshuku beringi wa tairi la kulia, maana uzito wote umehamia upande huo.

Lakini kuna mlio ambao haujadiliwi. Ukikanyaga breki ukasikia "ko" nzito, na usukani ukavuta upande, inaweza kuwa bushi za wishiboni au bol jointi. Bol jointi ikichomoka, tairi linalala na gari halikusikilizi tena. Hapo usimalizie hata mzunguko mmoja. Nyanyua gari, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, mchezo umeisha. Kagua na nati za tairi.

Na mafundi wetu, tuelewane. Fundi anayesema "hiyo kawaida" bila kulinyanyua gari, huyo hajaingia uwanjani. Mwenye gari naye aache kubadilisha springi, shokapu, bushi na matairi siku moja, halafu anauliza kelele imetoka wapi. Kocha akiingiza watano kwa mpigo na timu ikafungwa, atajuaje nani kaharibu? Badilisha kitu kimoja, endesha, andika kwenye daftari. Mlio unatokea gari likiwa la baridi au la moto? Kwenye breki au kwenye kona? Majibu hayo yatampa fundi kazi nyepesi na wewe bili ndogo.

Watakuja watu kubisha kwamba mbio ni hatari tangu zamani, na anayeogopa akae nyumbani. Sawa, dereva amechagua. Ila kiti cha pembeni mara nyingi kuna mdogo wake au mshikaji wake, ambaye hajui bol jointi ni kitu gani. Yeye alichoambiwa ni "panda twende".

Kabla hujamwambia hivyo, zima redio. Pita kwenye tuta taratibu, usikilize.