Mnapima bega au akili?

Ndugu wazazi na walimu, hatukubaliani na mashindano ya ndege za karatasi ambayo mshindi ni aliyerusha mbali, basi. Hapo mnapima bega la mtoto. Mwaka 2012 huko Marekani, ndege aliyoibuni John Collins iliruka mita 69.14 na kuvunja rekodi ya dunia ya wakati huo. Hakuirusha mwenyewe! Alimpa Joe Ayoob, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani. Sasa binti wa darasa la nne, aliyeshinda jioni nzima akisawazisha mabawa, kwa nini ashindwe na kijana wa sekondari aliyekunja ovyo? Ndege zote zirushwe na mtu mmoja, kila moja mara 3. Na karatasi zigawiwe palepale. Wengine huja na zao nzito.